Filtri ya hewa ya spoti: inaongeza nguvu ya gari ao inakula motere?

Katika garaji nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, mazungumzo haya yanasikika kila mara. Kijana anaingia na gari yake ya spoti, Toyota Altezza ao Subaru Impreza iliyotoka Japani ya okazio. Anafungua kapo na kumwambia fundi: "Papa, gari inachoka mu kilima. Weka filtri ya spoti ipumue muzuri." Fundi mwenye haraka anaiweka na kupokea feza. Fundi mwenye uzoefu anajibu: "Mwanangu, kwanza fungua ile sanduku tuone ndani muko nini."

Jibu la huyo wa pili ndilo linaokoa motere. Filtri ya hewa ni kitu kidogo, lakini ndiyo mlango peke yake kati ya vumbi ya barabara na vyuma vinavyozunguka ndani ya motere. Kabla ya kutoa dola, ni vizuri kujua filtri hizo zinafanya nini, zinaongeza nguvu kiasi gani, na zinavumilia namna gani vumbi ya huku kwetu mashariki.

Motere inakunywa hewa kuliko esanse

Watu wengi wanafikiri gari inatembea na esanse tu. Ukweli ni kwamba motere inakunywa hewa nyingi zaidi. Ili kilo moja ya esanse iungue sawasawa, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Ukigeuza hesabu hiyo katika lita, lita moja ya esanse inatumia zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kijana anayeweka lita 20 asubuhi, gari yake itavuta karibu lita 200,000 za hewa ya barabarani kabla hajarudi kwenye pompe.

Hewa hiyo haiko safi. Ndani yake kuna vumbi ndogo sana, na ile isiyoonekana na macho ndiyo mbaya. Punje za maikroni 5 mpaka 20 zinaingia kati ya pistoni na ukuta wa silinda na kufanya kazi ya msasa. Unywele wa mtu una unene wa karibu maikroni 70, kwa hiyo mtu anaweza kufahamu udogo wa adui huyo.

Vumbi zenyewe hazifanani. Kwenye barabara za udongo mwekundu, kama zile za Ituri na Maniema, vumbi ni laini na inapenya kila fasi. Goma ina shida yake: mji umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na volkano ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe hayo meusi yakisagwa na magurudumu, yanatoa unga mgumu wenye ncha. Unga huo ukiingia ndani ya silinda, hautoki bila kukwaruza.

Filtri za aina nne zinazopatikana sokoni

Ya kwanza ni ile ya karatasi inayofanana na ya kiwanda. Karatasi yake imekunjwa mara nyingi ili eneo la kupitishia hewa liwe kubwa ndani ya nafasi ndogo. Filtri nzuri ya karatasi inakamata karibu asilimia 99 ya vumbi. Tena, ikianza kupata vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko siku ya kwanza, juu vumbi iliyokwama inafunga vitundu vikubwa. Ubaya wake ni kwamba ikijaa, hewa inapita kwa shida. Hapo inatupwa na mpya inawekwa.

Ya pili inafanana na hiyo kwa macho lakini ni ya bei ya chini kabisa. Karatasi yake ni nyepesi, mikunjo ni michache, na mpira wa pembeni ni mgumu ao haukai sawa ndani ya sanduku. Hewa ikipata njia pembeni ya mpira, kazi yote ya karatasi inakuwa bure.

Ya tatu ni filtri ya spoti ya pamba yenye mafuta, iliyokatwa kwa kipimo cha sanduku ya kiwanda. Kampuni ya K&N, iliyoanzishwa mwaka 1969 kule Riverside, California, ndiyo imejulisha aina hii duniani. Pamba imebanwa kati ya wavu mbili za chuma na kulowanishwa mafuta maalum yanayokamata vumbi. Haitupwi: inafuliwa, inakaushwa, inapakwa mafuta tena na kurudishwa.

Ya nne ni ile ambayo mafundi waliozoea kifaransa wanaita "shampinyo", yaani filtri ya umbo la koni ao uyoga. Hapo sanduku ya kiwanda inatolewa yote, na koni inabaki wazi chini ya kapo. Ndiyo inapendwa sana na vijana, juu inaonekana na inasikika.

Nguvu inaongezeka kweli?

Sehemu hii ndiyo inachanganya watu. Filtri ya spoti inapitisha hewa kwa urahisi zaidi, hilo si uongo. Lakini swali ni hili: je, filtri ya karatasi ilikuwa inazuia motere?

Ndani ya njia ya hewa kuna kibati kinachozunguka, ambacho kwa kifaransa kinaitwa papillon, yaani kipepeo. Mguu ukikanyaga kidogo, kipepeo kinafunguka kidogo. Gari inayotembea kutoka Birere mpaka rond-point Signers, katikati ya pikipiki na mashimo, inatembea na kipepeo karibu kimefungwa. Kinachozuia hewa hapo ni kipepeo chenyewe, na kinazuia kwa amri ya mguu wa shofere. Filtri iwe ya dola 10 ao ya dola 100, tofauti haipo.

Tofauti inaweza kuonekana tu wakati kipepeo kimefunguka chote na motere inazunguka kwa kasi ya juu. Motere ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta karibu lita 6,000 za hewa kwa dakika hiyo moja. Hata hapo, watengenezaji wa gari za spoti walishafanya hesabu na kuweka sanduku yenye nafasi ya kutosha. Ndiyo maana kwenye motere ambayo haijaguswa, filtri ya pamba ndani ya sanduku ya kiwanda inaongeza farasi chache tu, na mara nyingine hata mashine ya kupima haioni tofauti. Mtu aliyeketi kwenye kiti hawezi kuisikia.

Lakini mbona wengi wanaapa kwamba gari imebadilika? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni sauti. Shampinyo inaacha sauti ya kuvuta hewa itoke nje, na sikio linaambia kichwa kwamba gari ina nguvu. Sababu ya pili ni kwamba filtri ya zamani ilikuwa imejaa udongo. Mtu ametoa filtri ya miaka miwili, nyeusi kama makala, akaweka mpya ya spoti. Gari imeamka, ni kweli, lakini ingeamka vilevile na karatasi mpya.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2009, maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilijaribu gari zenye filtri iliyoziba. Kwa gari za kisasa za enjeksio, matumizi ya esanse hayakubadilika kwa kiasi cha maana, juu kompyuta ya gari inapima hewa na kupunguza esanse yenyewe. Lakini muda wa kuchukua mwendo uliongezeka kwa asilimia 6 mpaka 11. Kwa gari za zamani za karburateri, esanse nayo ilipotea asilimia 2 mpaka 6. Maana yake ni wazi: filtri iliyoziba inaiba mwendo, na dawa yake ni filtri safi, hata ikiwa ya kawaida.

Mwizi mwingine wa nguvu: mlima

Kuna jambo lingine ambalo wenye gari wa Kivu wanalisahau. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na miji yake iko pale ao juu zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwa urefu huo, uzito wa hewa umepungua karibu asilimia 13 ukilinganisha na pwani.

Chukua Altezza yenye motere ya lita 2 na nguvu ya karibu farasi 200 kwenye karatasi za kiwanda. Isiyo na turbo, ikifika Goma ao Bukavu inapoteza karibu farasi 26 kabla haijatoka kwenye parselle. Mashofere wa Bukavu wanalijua bila hesabu: ukishuka kupitia Kamanyola mpaka Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, gari inakuwa nyepesi. Ukipanda kurudi, inachoka. Hakuna filtri inayoweza kurudisha farasi hao 26, kwani filtri haitengenezi hewa. Inapitisha tu ile iliyopo.

Gari za turbo, kama Impreza WRX ao Forester ya turbo, zinavumilia mlima vizuri zaidi, juu turbo inasukuma hewa kwa nguvu na kulipa sehemu ya upungufu. Lakini turbo ina udhaifu wake. Mabawa yake yanazunguka kwa kasi kubwa sana, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Punje za mawe zikipita kwenye filtri mbovu, zinagonga mabawa hayo na kuyalika polepole. Kwa hiyo mwenye turbo ndiye anayepaswa kuogopa vumbi zaidi ya wote.

Shampinyo na joto la chini ya kapo

Sanduku ya kiwanda ina bomba linalovuta hewa ya baridi kutoka mbele ya gari. Ukiitoa na kuacha koni wazi karibu na motere, gari inaanza kuvuta hewa ya moto iliyopita kwenye radiateri. Hewa ya moto ni nyepesi: kila nyuzi 3 zinazoongezeka, uzito unapungua karibu asilimia 1. Hewa ya chini ya kapo ikizidi ya nje kwa nyuzi 30, motere imepoteza karibu asilimia 10 ya hewa yake. Farasi wachache walionunuliwa wanarudi walikotoka, tena na deni juu.

Shampinyo inaweza kufanya kazi kama imefungwa ndani ya kisanduku chake na kupewa bomba la hewa ya nje. Lakini katika garaji nyingi inawekwa na koleo na waya, wazi, karibu na gurudumu linalorusha matope na maji. Wakati wa mvua, gari ikiingia kwenye kidimbwi kirefu, motere inaweza kuvuta maji. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, biele inapinda na motere imekufa siku hiyohiyo.

Asilimia moja inayogharimu motere

Kwa barabara za lami za Ulaya, tofauti ya kuchuja kati ya pamba na karatasi haina uzito mkubwa. Kwa barabara za huku, hesabu inabadilika. Tuseme vumbi ya gramu 100 imefika kwenye filtri. Ile inayokamata asilimia 99 inaacha gramu 1 ipite. Ile inayokamata asilimia 98 inaacha gramu 2. Kwa maneno, tofauti ni asilimia moja tu. Kwa motere, vumbi imekuwa mara mbili.

Dalili hazionekani wiki ya kwanza. Zinakuja polepole: mafuta ya motere yanachafuka upesi baada ya vidanji, gari inaanza kula mafuta, kisha moshi wa bluu unatoka nyuma asubuhi. Hapo ringi za pistoni zimelika. Mtu anatafuta motere ya okazio, na feza iliyopangwa kwa minerval ya watoto ao kwa kodi ya nyumba inaenda kwenye garaji. Kwa kijana ambaye gari hiyohiyo ya spoti inamlisha kwa kufanya taksi katikati ya juma, ni kazi yenyewe imesimama.

Kufua ni kazi yenye masharti

Wauzaji wanasifu filtri ya pamba kwa neno moja: "Unanunua mara moja, unafua maisha yote." Ni kweli, lakini kwa masharti. Inatakiwa sabuni yake maalum na mafuta yake maalum. Inasuuzwa na maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa ndani, ulio safi, kwenda upande wa nje. Inaachwa ikauke yenyewe kivulini, bila kompresere na bila moto. Kisha inapakwa mafuta kidogokidogo na kuachwa yaenee kabla ya kurudishwa.

Mafuta yakiwa machache, vumbi inapita. Yakizidi, matone yanavutwa na kuweza kushika kwenye kapteri ya hewa, ile yenye waya mwembamba unaopashwa moto ili kupima hewa inayoingia. Ikichafuka, inadanganya kompyuta: gari inatetemeka, inakula esanse, na taa ya motere inawaka. Fundi asiyejua anaanza kubadilisha buji, pompe na vitu vingine, kumbe shida ni mafuta ya filtri.

Katika miji mingi ya mashariki, filtri yenyewe inapatikana kwa wafanyabiashara wanaoleta vitu kutoka Dubai ao Kampala, lakini chupa ya mafuta yake haionekani. Hapo watu wanaweka mafuta ya motere, mazutu, hata mafuta ya kupikia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa. Filtri inayofuliwa bila vifaa vyake inageuka kuwa wavu wa samaki.

Hata karatasi inaharibiwa na desturi zetu. Wengine wanaigonga kwenye gurudumu, wengine wanaifua na esanse, wengine wanaipuliza na kompresere kwa nguvu yote. Karatasi inapasuka vitundu ambavyo jicho halioni, na kuanzia siku ile inapitisha vumbi huku inaonekana safi. Kama hakuna feza ya mpya leo, afazali kupuliza kwa hewa dogo, kutoka ndani kwenda nje, chombo kikiwa mbali. Hiyo iwe msaada wa siku chache tu.

Namna ya kukata shauri

Kabla ya kununua, kuna majaribio mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni kuweka filtri mpya nzuri ya karatasi na kupanda kilima kilekile kilichokuwa kinachosha gari. Ikipanda vizuri, shida imekwisha. Kama bado inachoka, shida iko kwingine: buji, filtri ya esanse, ambreyaji inayoteleza, katalizeri iliyoziba ao kompresio iliyopungua. Filtri ya spoti haitatibu hata moja kati ya hizo.

La pili ni la kitambaa cheupe. Zima gari, toa bomba lililo nyuma ya filtri, upande wa motere, na pangusa ndani na kitambaa safi kikavu. Kikitoka cheupe, filtri inafanya kazi. Kikitoka na unga mwekundu ao mweusi, vumbi inapita tayari, na gari isiendelee kutembea hivyo. Anayeweka filtri ya spoti arudie jaribio hili baada ya wiki mbili. Kitambaa hakijali jina lililoandikwa kwenye boksi.

Baada ya hapo, hesabu ya feza. Kama filtri ya spoti inauzwa dola 60 na ya karatasi dola 10, moja ya spoti ni sawa na karatasi 6. Kwa gari inayotembea kwenye vumbi na kubadilishiwa karatasi kila miezi mitatu, hiyo ni mwaka mmoja na nusu wa filtri mpya bila kufua na bila mafuta maalum.

Kuna wenye faida nayo kweli. Ni yule ambaye motere yake imekwisha kubadilishwa: turbo kubwa zaidi, eshapema iliyopanuliwa, kompyuta iliyopangwa upya. Motere kama hiyo inavuta hewa kuliko kiwanda kilivyopanga, na sanduku ya zamani inaweza kuibana. Ni yule pia ambaye karatasi ya gari yake haipatikani sokoni, lakini amepata ya pamba ya kampuni inayojulikana, yenye kipimo sawasawa, pamoja na chupa za kuifulia. Wote wawili wabakize sanduku ya kiwanda ao waweke nyingine iliyofungwa vizuri, na wafungue kuangalia mara nyingi wakati wa kiangazi: Juni mpaka Agosti kwa upande wa Kivu, Desemba mpaka Februari kwa upande wa Bunia.

Kwa wengine wote, wenye gari ya spoti ambayo haijaguswa na inayotembea kati ya lami, mawe na udongo, shauri la fundi mzee linabaki na nguvu: nunua karatasi nzuri, hakikisha mpira wake unakaa sawa, ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, na dola zinazobaki zipeleke kwenye buji, breki na magurudumu. Gari itapanda kilima, na mwaka kesho bado itakuwa na motere yake.